Kabla Hujalaumu Mfumo, Omba Kaunta Buku: Utatuzi wa Matatizo kwa Ofisi za Mwanza

Mwongozo huu ni wa meneja, mhasibu, katibu wa SACCOS au mwenye duka la jumla ambaye kila wiki anaambiwa "mfumo unasumbua" na hajui amwite nani: fundi umeme, kampuni ya intaneti, aliyemuuzia programu, au aitishe kikao na watu wake mwenyewe. Nimeupanga kwa maneno yanayosemwa kaunta, kwa kuwa malalamiko ndiyo yanayokufikia kwanza. Chanzo huja baadaye sana, na wakati mwingine hakiji kabisa.

Kifaa cha kwanza cha kupimia hakipatikani duka la kompyuta. Ni kaunta buku lililo kwenye droo ya karani. Karibu kila ofisi yenye mfumo ina daftari la pembeni, au faili la Eksel analolijua mtu mmoja, au grupu la WhatsApp ambamo malipo yanaidhinishwa kwa "sawa, lipa". Viongozi wengi wakiligundua hukasirika na kulipiga marufuku. Usifanye hivyo. Lisome kwanza. Kila safu iliyochorwa humo kwa rula ni kitu ambacho kazi inakihitaji na mfumo hautoi. Fundi anayeingia na kukimbilia seva bila kuuliza habari za daftari hilo anaweza kushinda kutwa akitengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

"Mfumo uko chini"

Sentensi hii inabeba mambo mengi tofauti, na kila moja lina mtu wake wa kupigiwa simu. Yatenganishe kabla hujapiga.

Anza na umeme, hata kama taa zinawaka. Ofisi nyingi zina UPS (betri ya akiba) chini ya kila kompyuta, ila rauta na swichi ya mtandao zimechomekwa kwenye soketi ya kawaida nyuma ya kabati la mafaili. Umeme ukiyumba sekunde chache, kompyuta zinabaki zinawaka, rauta inazimika na kuanza upya, na kwa dakika kadhaa watu wote wamekwama. Lawama zinakwenda kwa programu. Hapo dawa ni UPS ndogo ya rauta.

Umeme ukiwa mzima, na mfumo wenu ni wa mtandaoni, washa hotspoti ya simu na uunganishe kompyuta moja tu. Mfumo ukifunguka kwa bando la simu, tatizo liko kwenye rauta au laini ya intaneti ya ofisi. Usipofunguka, jaribu tovuti nyingine yoyote. Nyingine zikifunguka, mfumo wenyewe ndio umelala, na wa kupigiwa ni muuzaji. Ikiwa kompyuta moja ndiyo yenye shida wakati ya jirani inakata risiti, ni waya au ni kompyuta hiyo hiyo. Mwenye tawi Sengerema au Nansio ampigie aliyeko huko kabla ya yote, maana jibu lake linafuta nusu ya maswali. Kwa mfumo ulio kwenye seva ya ofisini kipimo cha hotspoti hakikusaidii; angalia seva inawaka na kama kompyuta nyingine zinaiona.

Kuna siku ambazo hakuna fundi wa Mwanza atakayekusaidia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora kwa siku kadhaa Tanzania na kwa majirani. Mfumo uliohifadhiwa nje ya nchi ulizihitaji nyaya hizo hata kwa kumhudumia mteja aliyesimama Kirumba. Mfumo wa seva ya ndani haukuzihitaji. Sisemi mrudi wote kwenye seva za ndani, kwa sababu nazo zina vumbi, joto na wezi. Nasema bodi inapaswa kujua mfumo wake unaishi wapi, na kuwa na fomu za karatasi zilizokwisha kuchapishwa kwa ajili ya siku kama hizo. Fomu iwe na safu zile zile za kwenye mfumo, vinginevyo kuingiza kumbukumbu baadaye kutachukua muda mrefu kuliko hitilafu yenyewe.

Hatua inayorukwa na wengi ni kuandika saa. Kwa wiki mbili, kila mfumo ukikwama, mtu aandike tarehe, saa, nani alikuwa anafanya nini. Ukikwama kila mwisho wa mwezi, huenda mhasibu anavuta ripoti ya mwaka mzima wakati makeshia wanahudumia. Ukikwama kila Ijumaa alasiri na vifaa vyote ni vizima, muulize taratibu aliyeko kaunta. "Mfumo uko chini" limekuwa pia neno la staha la kumwambia mteja aje kesho, hasa pale mwenye mamlaka ya kuidhinisha ameshaondoka.

"Kila mvua kubwa inaondoka na kitu"

Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi mno, na Mwanza imejengwa juu ya mawe. Haya mawili yakikutana yanaleta tatizo ambalo ofisi za Dar es Salaam hazilipati kwa kiwango hiki: waya wa ethi (unaopeleka umeme wa ziada ardhini) usiofanya kazi. Kwenye milima ya jiwe kama Isamilo au Bugando, fundi anapiga fimbo ya ethi, inagonga mwamba, anakata kilichobaki juu na kufunika kwa saruji. Ukikagua kwa macho, ethi ipo. Ukipima kwa kifaa, ni kama haipo.

Dalili ni hizi: tundu za mtandao zinaungua huku kompyuta zikisalimika, swichi inakufa baada ya kila ngurumo, unaguswa na umeme ukishika kasha la kompyuta. Mwombe fundi umeme akuonyeshe kipimo cha ethi, asikuonyeshe fimbo. Penye mwamba atalazimika kutandaza waya wa shaba kwa ulalo kwenye udongo uliopo, au kuunganisha fimbo kadhaa mahali penye udongo wa kina. Na kama ofisi ina majengo mawili yaliyounganishwa kwa waya wa kawaida wa mtandao, badilisha kipande hicho kiwe faiba, kwa kuwa faiba haipitishi umeme kutoka jengo moja hadi jingine.

Kwa nini tatizo hili linadumu miaka? Jengo ni la mwenye nyumba, kompyuta ni za ofisi, na ethi haimo kwenye bajeti ya yeyote. Iandikeni kwenye mkataba wa pango.

"Mfumo unasema anadaiwa, mwanachama anasema hadaiwi"

Hapa ndipo ningemwomba msomaji akae kidogo, kwa sababu linafanana na matatizo mengine mengi yaliyojificha.

Chukua SACCOS inayokopesha wavuvi wa dagaa. Mfumo umenunuliwa, umefungwa, marejesho yamepangwa kila tarehe 5. Mwaka wa kwanza mambo yanakwenda. Mwaka wa pili faini zinaanza kurundikana, orodha ya mikopo chechefu inarefuka, wanachama wanalalamika, na afisa mikopo ana kaunta buku lenye majina ya watu aliowafutia faini kwa kalamu. Fundi anaitwa. Anakagua hesabu za riba, ziko sawa. Anaweka toleo jipya. Hakuna kinachobadilika.

Chanzo kiko angani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanakaa kambini, wanashona nyavu, hawana mauzo. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, wakati mwezi wa kalenda una wastani wa siku zaidi ya 30. Kwa hiyo tarehe 5 inasogea karibu siku moja kila mwezi ukiilinganisha na giza. Tarehe iliyokuwa katikati ya giza siku mfumo ulipofungwa itaangukia mbalamwezi baada ya kama miezi 16. Ndiyo maana mfumo ulionekana mzima, kisha ukaonekana umeharibika, bila mtu kuugusa.

Karani wa zamani mwenye leja hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa akitazama juu, anamwambia mvuvi, "Mzee wangu, njoo giza likiingia." Leja ilikuwa na nafasi ya busara hiyo pembeni mwa ukurasa. Mfumo hauna pembeni mwa ukurasa. Una tarehe, una faini, basi.

Programu nyingi za mikopo zinaruhusu ratiba isiyo ya tarehe moja, au siku za neema kabla ya faini. Kinachokosekana ni uamuzi. Muuzaji hawezi kubadilisha sera ya faini kwa simu ya afisa mikopo, na akiibadilisha mkaguzi atauliza muhtasari wa kikao uko wapi. Kamati ya mikopo ikae, ianzishe aina ya mkopo wa dagaa, itengeneze ratiba ya mwaka kwa kufuata kalenda ya mwezi, isaini, ndipo muuzaji aingize. Kazi ya kompyuta hapo ni ndogo sana. Kazi ya kikao ndiyo kubwa.

Hitilafu nyingi zinazoitwa za mfumo ni uamuzi ambao ofisi haikuufanya, ikauacha ufanywe na mpangilio aliokuja nao muuzaji. Tafuta ni nani alipaswa kuamua. Huyo ndiye wa kupigiwa simu.

"Stoo ya kwenye kompyuta si stoo ya kweli"

Ni ndugu wa tatizo lililopita. Pale soko la Mwaloni dagaa huingia kwa gunia na kutoka kwa gunia, kwa ndoo au kwa kisado, kutegemea mnunuzi ni wa kwenda Kongo au ni mama wa kibanda. Mfumo unataka kilo. Stoo kipa anabadilisha kichwani, kila mtu kwa kipimo chake, na dagaa wenyewe wanapungua uzito kadiri wanavyokauka. Mwisho wa mwezi kuna upungufu usio na mwizi.

Weka kipimo cha ziada ndani ya mfumo, kwa mfano gunia moja ni kilo kadhaa, kwa kupima magunia halisi yenu na si ya jirani. Kisha weka asilimia ya kupungua inayokubalika, mliyoipata kwa kupima mzigo ule ule siku ulipoingia na siku ulipotoka. Ukizidi hapo, sasa uliza maswali. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wanaojaza nondo kwa tani na kuuza kwa vipande wana ugonjwa huu huu.

"Keshia ana upungufu, mfumo hausemi uongo"

Sehemu hii isomwe na meneja kabla hajaandika barua ya onyo.

Mwanachama analipa kwa simu. Ujumbe wa uthibitisho unaingia kwenye simu yake. Mfumo wa ofisi haujapata taarifa, kwa sababu intaneti imekatika katikati. Mwanachama amesimama, foleni ni ndefu, keshia anaingiza kwa mkono kama fedha taslimu. Baada ya saa moja taarifa ya malipo ya simu inafika na mfumo unaiingiza tena. Jioni vitabu vinadai fedha ambayo haikuwahi kufika kwenye droo. Hajaiba mtu.

Fuata mpangilio huu. Vuta orodha ya miamala yote ya siku hiyo, ipange kwa kiasi. Tafuta mwanachama yule yule, kiasi kile kile, saa zinazokaribiana. Linganisha na taarifa rasmi ya kampuni ya simu, usitegemee ujumbe wa mteja peke yake. Angalia daftari la saa mfumo ulipokwama, kama upungufu umeangukia saa hizo. Angalia kama jina la kuingilia la keshia lilitumika kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Ukimaliza hayo yote na upungufu ukabaki, ndipo umwite, naye aruhusiwe kuziona kumbukumbu hizo hizo ulizoziona wewe.

Si tahadhari ya bure. Uingereza, kati ya 1999 na 2015, wasimamizi wa vituo vya posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa ushahidi wa mfumo uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Waliposema hesabu za kompyuta si sahihi hawakusikilizwa. Desemba 2019 mahakama ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuleta upungufu wa uongo, na mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo. Wengine walikuwa wameshafungwa, wamefilisika, au wamekufa. Posta haikukosa mafundi wa kuona kasoro. Ilikosa mlango ambao mtu wa kaunta angeweza kuingia nao na kusema mfumo umekosea.

"Shikamoo mama, naomba uniingizie"

Ofisi nzima inatumia neno la siri la mhasibu. Kila muamala una jina lake, hata siku akiwa likizo Ukerewe. Kuwahubiria wafanyakazi kuhusu usalama hakusaidii mpaka ujue sababu, na kwa kawaida ni moja kati ya mbili.

Ya kwanza ni bei: muuzaji anatoza kwa kila mtumiaji, ofisi imelipia watatu, watu wako saba. Hilo ni la bajeti. Ya pili ni uidhinishaji: mwenye kuidhinisha yuko Dodoma kwenye semina na mgonjwa yuko mapokezi. Hilo linatibiwa kwa kumteua mbadala kwa maandishi, mwenye jina lake na kikomo cha kiasi. Zahanati zina sababu ya ziada ya kuharakisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na huwezi kusema unazilinda wakati hujui nani alifungua faili la nani.

"Fundi hapokei simu"

Kijana aliyefunga mfumo amepata kazi Arusha. Neno kuu la siri la seva analo yeye, jina la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe yake, na laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho ni yake pia. Msiende kwake kwa ukali, anahitajika. Mlipeni siku moja ya makabidhiano, akae na watu wawili wa ofisi, kila akaunti ihamishiwe barua pepe na laini ya taasisi. Maneno ya siri yaandikwe, yafungwe kwenye bahasha, yakae kwenye sefu ya hati za ofisi.

Akikataa kabisa, hilo si la fundi mwingine kuvunja kufuli usiku. Andikeni barua, kisha mwoneni mwanasheria.

"Tunaandika mara mbili"

Ankara inachapwa kwenye mfumo, kisha inachapwa upya kwenye EFD, mashine ya risiti za kodi. Mfumo unaoweza kuunganishwa na VFD ya TRA, yaani programu inayotoa risiti hizo badala ya mashine, unaondoa kazi hiyo. Ulizeni kabla ya kununua. Kuandika mara mbili kwa namna nyingine ni mabaki ya kipindi cha mpito ambacho hakuna aliyetangaza kuwa kimeisha. Meneja alisema "kwa sasa tuendelee na vyote viwili", na kwa sasa imekuwa miaka. Wekeni tarehe ya kufunga daftari, lakini baada ya kulisoma, kama nilivyosema.

Kipindi hicho cha mpito kisifupishwe kwa papara pia. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5 kwenda mfumo mpya kwa wikiendi moja. Wengi walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, na mwaka 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Kwa ofisi ndogo, hamisha tawi moja kwanza, na usihamishe wiki ya kufunga hesabu.

"Bakapu ipo"

Nakala hiyo ya akiba ya kumbukumbu zenu ipo wapi? Ikiwa ni fleshi kwenye droo iliyo chini ya seva, mwizi atachukua vyote viwili. Na imewahi kurudishwa? Chukua bakapu ya jana, ifungue kwenye kompyuta nyingine, tafuta muamala mmoja wa jana. Usipoupata, huna bakapu.

Na pale mfumo ndio mbovu kweli

Hutokea. Kama riba inatoka tofauti kwa mkopo ule ule ukiikokotoa mara mbili, kama muuzaji amefunga ofisi, kama miamala inaweza kufutwa bila kuacha alama ya nani alifuta, usipoteze fedha kutibu. Badilisha.

Kabla ya kusaini na muuzaji mpya, mwombe mbele ya kamati atoe orodha yote ya wanachama, salio na miamala kutoka kwenye mfumo wake na kuiweka kwenye faili la Eksel, hapo hapo, bila kupiga simu makao makuu. Mpe pia kurasa kumi za lile kaunta buku, zilizofichwa majina, akuonyeshe kila safu itakaa wapi. Zile zisizo na pa kukaa ziandikwe kwenye kiambatisho cha mkataba, pamoja na jina la atakayeamua zifanywe nini.